Mnada wa Katika Simu na Mali ya Thamani: Jawabu kwa Ndugu Zetu wa Busia na Malaba

Tumeletewa masuala na ndugu zetu wakaao Busia na Malaba, upande wa Kenya, wengi wao watu wa pwani waliokwenda huko kwa kazi za forodha, malori na maduka. Wauliza: Je, yajuzu kuuza dhahabu na vitu vya kale kwa mnada wa intaneti? Na ikiwa yajuzu, mtu auzeje hata asidhulumu wala asidhulumiwe, na apate bei ya haki?

Katika barua hizo imo ya mama mmoja wa Malaba, aliyenadi bangili mbili za marehemu mama yake katika kundi la WhatsApp. Aliyeshinda mnada alikuwa ng'ambo ya mpaka. Mama akaletewa ujumbe kwamba pesa zimeingia, akampa bangili kijana wa bodaboda azivushe, na alipokwenda kwa wakala kutoa pesa akaambiwa hakuna kitu. Bangili hazikuonekana tena, wala nambari ya mnunuzi haikupatikana. Barua hiyo ndiyo iliyotufanya tujibu kwa urefu, na tuchanganye fiqhi ya biashara na maarifa ya soko, kwani katika jambo hili viwili hivyo havitengani.

Ama mnada wenyewe, hauna ubaya. Imepokewa kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) aliuza kwa mnada tandiko na bakuli vya Answari mmoja aliyekuwa fakiri. Mtu mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza ni nani atakayezidisha, mwingine akatoa mbili, akauziwa yeye. Wako walioisema silsila ya hadithi hii, walakini Tirmidhi ameihisabu kuwa ni hasan. Na Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, lilipokutana Brunei mwaka 1993, lilithibitisha kuwa mnada wajuzu. Anayesema basi kuwa mnada wa simu ni haramu kwa kuwa ni kitu kipya, huyo na atuletee dalili. Kilicho kipya ni uwanja tu. Kuuza ni kule kule.

Uwanja huo una namna mbili, na si vizuri kuzichanganya. Namna ya kwanza ni soko la mnada hasa, kama eBay, iliyoanzishwa California mwaka 1995. Humo mnunuzi hutaja kwa siri ukomo wa bei yake, na mtambo humpandishia kidogo kidogo kila apatapo mshindani. Mwisho hulipa bei iliyo juu kidogo tu ya ile ya mtu wa pili. Soko hujichukulia ujira wake: huko Marekani ni zaidi ya 13 kwa 100 kwa bidhaa nyingi, na kwa vito vya kawaida ni 15. Asiyeuhisabu ujira huu kabla ya kutaja bei ya kuanzia, hugundua faida yake imekwisha liwa. Namna ya pili ndiyo iliyoenea kwetu: matangazo ya Jiji (iliyochukua biashara ya OLX ya Kenya mwaka 2019), soko la Facebook, na makundi ya WhatsApp, ambamo mtu hutuma picha na wengine wakapandishiana bei. Hapa ujira ni mdogo au hapana, lakini pia hapana msimamizi. Kila mtu ni dalali na kadhi wa nafsi yake.

Na kwa kuwa tumetaja dalali: mwenye kufungua kundi na kuwanadia watu mali zao kwa ujira, na ajue kuwa Sheria ya Wanadi ya Kenya ya mwaka 1996 yamtaka afanyaye kazi ya kunadi awe na leseni. Kuuza kitu chako mwenyewe ni jambo jingine.

Jambo la kwanza kwa muuzaji ni kujua alicho nacho mkononi. Twastaajabu kuona mtu ajua bei ya gunia la mahindi katika kila soko la mpakani, lakini hajui kidani cha mkewe kina uzito gani. Dhahabu hupimwa kwa sehemu 24. Iliyopigwa muhuri 916 ni ya karati 22, ya 875 ni karati 21, ya 750 ni karati 18. Bangili ya karati 22 yenye gramu 20 ina dhahabu safi ya gramu 18 na theluthi moja. Hiyo ndiyo utakayoizidisha kwa bei ya gramu ya siku ile. Bei ya dunia hutangazwa kwa aunsi ya gramu 31.1, basi igawe. Vito na nta iliyojazwa ndani havihisabiwi kuwa dhahabu, na mnunuzi anayekwenda kuyeyusha hakulipi ufundi wa sonara hata ukiwa mzuri namna gani. Ukitaka thamani ya ufundi, mtafute anayetaka kuvaa.

Sarafu za kale zina elimu yake. Wako watu walio na riale ya fedha ya Maria Theresa sandukuni, wakaona imeandikwa 1780, wakadhani wana hazina ya miaka mia mbili na zaidi. Riale hizo ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780 muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufa, hata karne ya ishirini. Aghalabu thamani yake ni ya fedha yake tu, gramu 28 zenye fedha safi kiasi cha sehemu tano katika sita. Pesa za shaba za Sayyid Barghash za mwaka 1299 wa Hijra, zenye mizani, nazo ni nyingi. Lakini riale yake ya fedha ya mwaka huo huo ni adimu, na aliye nayo asiiuze kwa picha moja na usiku mmoja. Wala asiisugue! Wengi hupiga sarafu majivu na ndimu ili ing'are, na mwenye kukusanya sarafu akiona imesuguliwa hushusha bei papo hapo.

Baada ya kujua, kusema. Mtume alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta ndani ni maji, akamkemea mwenyewe kwa kuficha sehemu iliyolowa. Katika simu chungu ni picha, na maji hufichwa kwa urahisi mno. Piga picha ya muhuri, ya mizani ikionyesha uzito, na ya ila: mrashi uliobonyea, dele lililotiwa kiraka, jambia lenye ala mpya. Wala usidhani ila hufukuza wanunuzi. Inasimuliwa kuwa kitu cha kwanza kuuzwa katika eBay kilikuwa kikalamu cha mwanga kilichovunjika, kwa dola 14 na senti 83. Mwenyewe akamwuliza mnunuzi kama afahamu kuwa ni kibovu, naye akajibu kuwa yeye akusanya vibovu. Muuzaji aliyesema ila mbele pia huepukana na madai ya kurejeshewa kitu, ambayo masoko hayo makubwa hupenda kumpa haki mnunuzi.

Kosa lililoenea zaidi katika makundi ni najshi, yaani kumweka ndugu au rafiki, au kujiweka wewe mwenyewe kwa nambari ya pili, apandishe bei bila ya nia ya kununua. Mtume amelikataza wazi, na wasiokuwa Waislamu pia wameliona ubaya wake: mwaka 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimtia hatiani mtu aliyejipandishia bei katika eBay. Unaogopa kitu chako kisiende kwa bei ya kutupa? Weka bei ya chini usiyoiuza chini yake, uitangaze tangu mwanzo. Hiyo ni haki yako, na yatosha.

Sasa twafika penye shina la suala, nalo ni kukabidhiana. Dhahabu na fedha ni katika mali za riba, ambazo zikibadilishwa kwa thamani ya jinsi yake yapasa iwe mkono kwa mkono, katika majlisi moja. Baraza la Fiqhi, lilipokutana Amman mwaka 1986, lilisema kuwa noti za leo zina hukumu ya dhahabu na fedha. Wako wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi waliozifananisha noti na fulusi zisizoingia riba. Sisi twaifuata kauli ya Baraza, kwani watu leo hawana kipimo kingine cha mali ila noti hizo. Na mwaka 1990 Baraza hilo likasema kuwa pesa zilizoingizwa katika hisabu ya mtu ni kama alizozipokea kwa mkono.

Kwa hiyo twasema: bangili, kidani au riale ya fedha isiuzwe kwa kutuma leo na kulipwa kesho, wala kwa kulipwa leo na kutuma wiki ijayo. Mwisho wa mnada katika simu na uwe ni ahadi. Akidi ifungwe pale mnapokutana, pesa ziingie na kitu kitoke katika kikao kimoja. Na tazama, sheria hiyo iliyowekwa kuzuia riba ndiyo hiyo hiyo ingaliyemlinda mama wa Malaba. Yule kijana wa bodaboda hana lawama kwetu; kazi hiyo, na jina lake, ilizaliwa mpakani humo kwa waendesha baiskeli wa kuvusha watu. Lakini bodaboda havushi dhahabu isiyolipwa.

Mahali pa kukutana ni ndani ya benki, upande wa Kenya, asubuhi, nawe uwe na mtu wako. Mwanamke asimwite mnunuzi nyumbani. Pimeni kwa mizani ya sonara nyote mkitazama. Zikiwa noti, azihisabu karani wa benki na aziweke katika hisabu yako kabla hujafungua mkono. Na ukumbuke kuwa noti ya shilingi elfu ya zamani iliacha kuwa pesa tangu mwisho wa Septemba 2019, ingawa bado yaweza kuletewa mtu asiyeangalia. Yakiwa malipo ya M-Pesa, usisome ujumbe ulioonyeshwa wewe. Fungua *334# utazame salio lako mwenyewe. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la M-PESA, si kwa nambari ya mtu. Malipo mamoja hayapiti shilingi 250,000, basi anayedai ametuma 400,000 kwa mkupuo mmoja amesema uwongo kabla hujaangalia. Na mtumaji aweza kuomba pesa zirejeshwe akidai alikosea nambari; kwa hiyo andikianeni hati ya mauzo yenye majina, uzito, bei na sahihi zenu, ili uwe na la kujibu. Yeyote akuambiaye ulipe kwanza ada ndipo pesa za Uganda zivuke, mwache aende zake.

Vitu visivyokuwa dhahabu wala fedha vyaweza kuuzwa mbali na kupelekwa kwa posta, kwa bima na nambari ya kufuatilia. Lakini watu wa mpakani wasahau jambo moja kwa wepesi: kuvuka daraja la Malaba ni kutoa kitu nje ya nchi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yakataza kutoa bila ya kibali vitu vya kale vya kabla ya 1895, na pia milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1946. Mlango wa babu yako wa Lamu hauwi wa Kampala kwa kupakiwa juu ya lori. Ama pembe za ndovu, zisiguswe kabisa: biashara yake ni haramu katika sheria ya Kenya, na eBay yenyewe iliziondoa tangu 2009.

Limebaki suala la mwisho la mama yetu. Auliza: ikiwa mnada umekwisha na ahadi imetolewa, kisha akaja mtu kwa siri akaongeza shilingi elfu tano, je, achukue? La. Kumwingilia ndugu katika biashara iliyokwisha ridhiwa kumekatazwa, hata kama akidi haijafungwa, na kuvunja ahadi ni katika alama za unafiki. Mjibu kuwa kitu kina mwenyewe. Yule wa kwanza asipokuja kwa saa mliyoiweka, wala hakuleta udhuru, hapo ahadi imeanguka kwa upande wake, na huyo wa pili wampigie simu.