Swala Katika Nchi ya Baridi: Somo kwa Anayejiandaa Kwenda Kusoma Nje



Ndugu msomaji, wapo wenzetu wanaotoka Bujumbura kwenda kusoma Ubelgiji, Urusi, Uturuki na kwingineko, wengine kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, wengine kwa miaka kadhaa. Anayepata nafasi hiyo huhangaikia pasipoti, viza, cheti cha chanjo na koti zito. Hayo yote ni ya lazima. Lakini lipo swali moja ambalo mara nyingi hubaki bila kuulizwa mpaka ndege inapotua: nitaswali vipi kule?

Hapa Gihosha swali hili halitusumbui. Bujumbura iko karibu na ikweta, digrii 3 na kidogo kusini mwake. Jua huchomoza kwenye saa 12 asubuhi na huzama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwenye saa 12 jioni. Kwa mwaka mzima tofauti ni kama nusu saa tu. Mtu anaweza kuishi miaka ishirini bila kuangalia ratiba ya swala. Akishuka Buyenzi, adhana za misikiti zinapokezana. Akisahau, jirani wa chumbani atamgongea.

Kwa maneno mengine, hapa adhana inakutafuta. Kule, wewe ndiye utakayeutafuta wakati wa swala. Somo hili linaeleza mambo manne ambayo mwanafunzi anapaswa kuyajua kabla ya kuondoka: nyakati, udhu, hukumu ya safari, na kuunganisha swala. Tutafuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, na tutataja kauli nyingine pale inapohitajika.

Jambo la kwanza: nyakati

Aya ya 103 ya Suratun-Nisaa ndiyo msingi wetu: faradhi ya swala imefungamana na wakati. Na wakati hufuata jua, haufuati saa ya ukutani.

Tuchukue Brussels mwishoni mwa Disemba. Jua linachomoza kwenye saa 2:40 asubuhi na kuzama kwenye saa 10:40 jioni, ambazo simu itakuandikia 8:40 na 16:40. Adhuhuri inaingia kwenye saa 6:40 mchana, alasiri kwenye saa 8:20, kisha magharibi hiyo saa 10:40. Swala tatu zinaingia ndani ya saa nne. Moscow hali ni ngumu zaidi: alasiri inaingia kabla ya saa 8 mchana, na jua linazama kabla ya saa 10.

Sasa weka juu yake ratiba ya chuo. Una somo la maabara kuanzia saa 7 mchana hadi saa 10. Ukiwa Brussels, unaweza kuswali adhuhuri kabla ya kuingia, ukatoka ukaswali alasiri ukiwa bado na nusu saa mkononi. Ukiwa Moscow, somo hilo hilo linaimeza alasiri yote: imeingia ukiwa ndani, na utakapotoka jua limezama. Huko huna budi kumwendea mwalimu mapema, wiki ya kwanza ya muhula, ukamwomba dakika kumi za kutoka. Usingoje siku ambayo wakati umeshabana. Anayeomba mapema anaeleweka. Anayetoka mbio katikati ya somo anaonekana mkorofi.

Upande mwingine kuna nafuu. Alfajiri ya Disemba inachelewa kuisha, na mtu anaweza kuamka saa 1 asubuhi akaikuta. Ramadhani nayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua, na kwa miaka hii imeingia kwenye majira ya baridi ya kaskazini. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Disemba. Saumu ya huko Disemba ni fupi kuliko ya kwetu, ila futari inaweza kukukuta ukiwa darasani. Weka tende mfukoni.

Majira ya joto mambo yanageuka. Mwezi Juni magharibi ya Brussels ni kwenye saa 4 usiku, na wekundu na weupe wa mbingu hauishi kabisa mpaka alfajiri. Je, isha inaingia lini?

Swali hili si geni. Mwaka 309 Hijria (921) Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alituma ujumbe kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, katika ardhi ambayo leo ni Tatarstan, Urusi. Katika ujumbe huo alikuwamo Ahmad ibn Fadlan, aliyeandika habari za safari. Walipita majira ya baridi Khwarazm, ambako mto Jayhun uliganda hata wanyama na magari yakapita juu yake, na yeye alipotoka kuoga ndevu zake ziliganda mpaka akaziyeyusha kwenye moto. Mwaka uliofuata walifika kwa Wabulgari. Usiku mmoja alikaa hemani akizungumza na fundi cherehani kutoka Baghdad, wakingoja adhana ya isha. Walipoisikia adhana wakatoka nje, kumbe kumepambazuka. Muadhini akamweleza kwamba isha wao huiswali pamoja na magharibi, na kwamba yeye mwenyewe ana mwezi mzima halali usiku kwa kuogopa kupitwa na alfajiri.

Tazama, ndugu yangu: zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, katika nchi ya theluji, alikuwapo Mwislamu aliyekesha ili swala isimpite. Wanazuoni wa eneo hilo waliendelea kulijadili suala hili karne kwa karne. Shihabuddin Marjani wa Kazan, aliyefariki mwaka 1889, aliandika kitabu kizima kuthibitisha kwamba isha inabaki faradhi hata pale wekundu wa mbingu usipotoweka.

Dalili yao kubwa ni hadithi ya Dajjali iliyomo katika Sahihi Muslim. Masahaba walipoambiwa kuwa itakuja siku ndefu kama mwaka, jambo waliloliuliza ni swala: je, swala za siku moja zitatosha? Mtume (s.a.w.) akawaelekeza wakadirie. Kwa hiyo pale alama ya jua inapokosekana, wakati hukadiriwa, wala swala haianguki. Njia za kukadiria ni zaidi ya moja, na ndiyo maana programu mbili za simu zinaweza kukupa isha mbili tofauti. Usichague inayokupendeza kila usiku. Tafuta ratiba ya msikiti wa mji unaokaa, uifuate wewe na wenzako.

Jambo la pili: udhu na baridi

Wengi hudhani baridi yenyewe inaruhusu kutayamamu. Wanasikia kisa cha Amr ibn al-As (r.a.) katika vita vya Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijria. Usiku wa baridi kali alipatwa na janaba, akahofia kuangamia akioga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume (s.a.w.) alitoa hoja kwa aya inayokataza mtu kuiua nafsi yake, na Mtume akacheka, hakumlaumu.

Ruhusa hiyo ni ya kweli, lakini ina masharti: kuwepo hofu ya madhara, na kukosekana njia ya kupasha maji. Tena katika madhehebu ya Imamu Shafi, aliyetayamamu kwa sababu ya baridi huirudia swala yake baadaye. Mwanafunzi anayekaa bweni lenye bomba la maji moto hana kisa cha Amr. Kuona uvivu wa kutoka chini ya blanketi si udhuru wa kisheria.

Ruhusa inayomhusu hasa ni kupangusa juu ya khuffu, yaani soksi za ngozi au viatu vinavyofunika mguu mpaka juu ya vifundo. Masharti yake ni haya:

1. Uzivae ukiwa umekamilisha udhu wote, pamoja na kuosha miguu.
2. Ziwe tohara, na zifunike mguu wote pamoja na vifundo.
3. Ziwe imara, mtu anaweza kutembea nazo, na zisipitishe maji kirahisi.
4. Mkaazi anapangusa kwa mchana mmoja na usiku wake. Msafiri kwa siku tatu na nyusiku zake. Hesabu inaanza pale udhu unapotenguka baada ya kuzivaa.
5. Ukizivua, au muda ukiisha ukiwa na udhu, utaosha miguu. Ukipatwa na janaba, utazivua na kuoga.

Kinachopangushwa ni juu ya mguu, si chini ya soli. Soksi nyepesi za pamba hazitimizi sharti la tatu kwa Imamu Shafi. Kwa Imamu Ahmad soksi nzito zisizoonyesha ngozi zinajuzu. Basi ni bora kununua soksi za ngozi au zisizopitisha maji kabla ya majira ya baridi. Utazivaa asubuhi chumbani kwa udhu kamili, na chuoni itakutosha kupangusa. Hutahitaji kuinua mguu kwenye beseni la kunawia mikono huku watu wakikushangaa, wala hutaacha sakafu imelowa ukawaudhi unaoishi nao.

Kwa dada zetu kuna jambo la kuzingatia. Kwa Imamu Shafi, faradhi ya kichwa ni kupaka sehemu yake tu, hata iwe ndogo. Dada aliye katika choo cha pamoja anaweza kuingiza vidole vilivyolowa chini ya mtandio bila kuuvua. Kofia ya sufi au mtandio wenyewe kupakwa juu, bila nywele kuguswa na maji, hakumtoshi.

Jambo la tatu: je, wewe ni msafiri?

Kuna anayesema, "Mimi niko safarini miezi mitano, nitapunguza swala." Sivyo. Kwa madhehebu yetu, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, amekuwa kama mkaazi tangu anapofika. Anaswali rakaa nne, anahudhuria Ijumaa, na khuffu yake ni ya mchana na usiku mmoja. Ruhusa ya safari ni yako ukiwa njiani, kwa mfano ndege inapobadilishwa Addis Ababa, au unapokwenda mji wa mbali kwa siku mbili. Kumbuka pia kibla: hapa tunaelekea kaskazini na kidogo mashariki, Brussels ni kusini-mashariki, na Moscow ni karibu kusini moja kwa moja.

Jambo la nne: kuunganisha swala

Ikitokea mtihani umemeza wakati wote na ombi lako limekataliwa, ufanye nini? Ibn Abbas (r.a.) amepokea, katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kuunganisha swala akiwa Madina bila hofu wala mvua, na alipoulizwa sababu akasema ni kuuondolea umma uzito. Kauli mashuhuri ya Imamu Shafi haimruhusu mkaazi kuunganisha kwa shughuli. Lakini Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amewataja wanazuoni walioruhusu kwa haja, akiwemo al-Qaffal mkubwa wa madhehebu hayo hayo, kwa sharti kwamba mtu asifanye mazoea. Siku ya mtihani ni haja. Kila Jumanne kwa muhula mzima ni mazoea. Na kukusanya swala zote tano ukaziswali usiku kabla ya kulala hakukuruhusiwa na yeyote.

Hatari mbili

Mwanafunzi huko anaweza kuharibikiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujipanulia ruhusa mpaka hakuna kilichobaki. Hii tunaijua na tunaikemea. Ya pili hatuisemi sana: kuzikataa ruhusa. Huyu anadhani kuosha miguu kwa maji ya barafu kila swala ndiyo uchamungu. Anavumilia Novemba, anavumilia Disemba. Januari anaanza kuchelewesha. Februari ameacha alasiri, na aibu ya kuacha alasiri inamfanya aache na magharibi. Hakuacha kwa kukosa imani, bali kwa kubeba mzigo ambao Mola wake hakumtwika. Kupangusa juu ya khuffu ni dini kama kuosha miguu ni dini. Aliyetuwekea faradhi ndiye aliyetuwekea na nafuu yake.

Basi wiki ya kwanza ukifika: tafuta msikiti au chumba cha swala chuoni, tafuta hata Mwislamu mmoja wa kuswali naye, na linganisha ratiba ya masomo na ratiba ya swala kabla hujasajili vipindi.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Mwanafunzi alivaa khuffu baada ya udhu wa alfajiri, udhu ukatenguka saa 4 asubuhi. Ataacha kupangusa lini?
2. Amekwenda Ubelgiji kwa miezi mitano, na mwisho wa wiki akasafiri kwenda Ujerumani kwa siku mbili. Ni wapi atapunguza swala, na ni wapi atakamilisha?
3. Somo lake ni saa 7 hadi saa 10 mchana kila Alhamisi, na alasiri inaishia humo. Afanye nini kabla ya kufikiria kuunganisha?

Allah (s.w.) awasahilishie wanaosafiri, awahifadhie dini yao, na awarejeshe kwetu na elimu yenye manufaa. Amin.