Kulungu wa Visiwani na Ardhi ya Watu Binafsi

Mbele ya pwani ya jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, viko visiwa viwili vijulikanavyo sana, Martha's Vineyard na Nantucket. Cha kwanza kina eneo la kilomita za mraba 250 hivi, na cha pili hakifiki nusu yake. Kwa miaka mingi wakazi wa visiwa hivyo wamekuwa wakibishana juu ya mnyama mmoja apendezaye macho, yaani kulungu mkia-mweupe. Ubishi huo wahusu hesabu, maradhi, na mamlaka ya mtu juu ya ardhi yake.

Jina "kulungu" latumika hapa kwa kukosa jingine lililo bora. Mnyama huyu si wa jamaa moja na kulungu wa misitu ya Afrika. Pembe za kulungu wa Afrika, kama za swala wote, hazina matawi na hukaa kichwani maisha yote. Za huyu wa Marekani zina matawi, huota kwa dume peke yake, nazo huanguka na kuota upya kila mwaka.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Nantucket hakikuwa na kulungu. Mwaka 1922 wavuvi walimwopoa dume mmoja aliyekuwa akiogelea baharini, wakamleta kisiwani. Alikaa peke yake hadi mwaka 1926, majike wawili walipoletwa kutoka Michigan. Kundi la kisiwani likaanzia hapo, na mwaka 1935 tayari msimu wa kuwinda ulifunguliwa. Mwindaji mmoja aliuawa kwa ajali ya risasi, na msimu ukafungwa mara moja.

Wepesi huo wa kuongezeka una sababu zake. Jike huchukua mimba kwa siku 200 hivi, na akipata chakula cha kutosha aghalabu huzaa mapacha. Mbwa-mwitu wa Marekani, aliyekuwa adui yake mkuu, alikwisha kuangamizwa katika sehemu hizo zamani. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi mfano huu wa kubuni: kisiwa kina kulungu 100, nusu yao majike, kila jike afanikiwa kukuza mtoto mmoja kwa mwaka, na wanyama 20 katika kila 100 hufa kwa uzee, ajali na baridi. Mwisho wa mwaka watakuwa 130. Wakiendelea kuongezeka kwa kiasi hicho, baada ya miaka kumi watakuwa 1,380 hivi. Bila shaka njaa ingeingia kati kabla ya hapo, lakini kabla ya njaa kuwaua, wanyama hao huwa wamekwisha kula miche yote ya mialoni na vichaka ambamo ndege hujenga viota. Mfano huo waonyesha pia kwa nini kuwinda madume peke yao hakusaidii. Dume mmoja hupanda majike wengi. Ukiua madume 30 kati ya 50, idadi ya watoto wa mwaka ujao haitapungua.

Hata hivyo, ubishi usingekuwa mkali hivyo kama si kupe. Mwaka 1969 iligunduliwa Nantucket kwamba mtu mwenye afya yake aweza kuambukizwa babesia, vimelea vya ndani ya chembe nyekundu za damu ambavyo ni jamaa ya vile viletavyo mkojo wa damu kwa ng'ombe. Katikati ya miaka ya 1970 ukatambuliwa ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Lyme katika jimbo la Connecticut. Ugonjwa huu huletwa na bakteria. Huanza kwa homa na alama nyekundu ya ngozi, na usipotibiwa mapema huweza kushambulia viungo, mishipa ya fahamu na moyo. Yote mawili huenezwa na kupe wa aina moja.

Maisha ya kupe huyu huchukua miaka miwili hivi. Kitoto cha miguu sita huanguliwa kikiwa hakina bakteria wa Lyme. Huwapata kinapofyonza damu ya panya. Kikiisha kujivua huwa na miguu minane, kikiwa kidogo kama punje ya ulezi, na katika hali hiyo ndipo humwuma mtu bila kuonekana. Kupe mkubwa humpanda kulungu, na jike aliyeshiba huanguka na kutaga mayai kama 2,000. Jambo la kutazamwa ni hili: kulungu hamwambukizi kupe bakteria wa Lyme. Panya ndiye mwenye bakteria. Kulungu ndiye mlishaji wa mama wa kupe. Mfugaji wa Tanzania au Kenya apambanaye na ndigana huwapeleka ng'ombe wake joshoni. Kulungu wa porini hapelekwi joshoni.

Je, kulungu wakipunguzwa, kupe nao watapungua? Swali hili lilijaribiwa katika miaka ya 1980 huko Great Island, rasi ya watu binafsi iliyo karibu kuwa kisiwa, katika jimbo lilo hilo la Massachusetts. Kulungu walipopunguzwa kwa asilimia 70 hivi, watafiti hawakuona kupungua kwa maana kwa kupe wachanga, kwani kulungu waliobaki walitosha kuwalisha kupe wakubwa. Ni baada ya karibu wote kuondolewa ndipo kupe wachanga walipopungua sana. Katika kisiwa kidogo cha Monhegan, jimbo la Maine, ambako kulungu waliletwa mwaka 1955, wote waliondolewa kati ya 1996 na 1999. Mwanzoni kupe wakubwa walionekana wengi zaidi majanini, maana hawakuwa na mnyama wa kupanda. Kisha idadi yao ikaanguka, na wachanga wakatoweka miilini mwa panya.

Kinachotakiwa, basi, si kupunguza kidogo. Na hapo ndipo ardhi inapoleta kizuizi. Monhegan ni kisiwa cha kilomita za mraba zisizozidi tatu, chenye kijiji kimoja. Martha's Vineyard na Nantucket ni vikubwa, vina hifadhi nyingi za mazingira, na sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki ni viwanja vya matajiri ambao huja majira ya joto tu. Huko Massachusetts mnyama wa porini si mali ya mwenye ardhi, lakini mwenye ardhi aweza kubandika tangazo la kumkataza mwindaji asiingie. Tena sheria ya jimbo yakataza kuwinda katika umbali wa futi 500, yaani mita 150 hivi, kutoka nyumba inayokaliwa, isipokuwa kwa ruhusa ya mwenyewe.

Mita 150 zaonekana chache. Lakini duara yenye nusu kipenyo cha mita 150 ina eneo la hekta 7 hivi. Nyumba ishirini zilizosongamana kijijini hufunga ardhi kidogo, kwa kuwa duara zake zapandana. Nyumba kumi na nne zilizotawanyika porini zaweza kufunga karibu hekta 100, yaani kilomita moja ya mraba. Mtindo wa kujenga nyumba moja moja msituni ndio umewapa kulungu maficho yaliyo salama kuliko hifadhi yoyote. Wakisikia bunduki upande mmoja huhamia upande uliofungwa, na msimu ukiisha hurudi. Mwenye kiwanja aliyekataza uwindaji huwa, bila kukusudia, amefuga kupe kwa ajili ya jirani zake.

Mtu huyo hastahili kulaumiwa upesi. Aogopa risasi karibu na watoto wake. Wengine huchukia mauaji ya wanyama. Wengine walinunua ardhi hasa kwa ajili ya utulivu. Upande wa pili wako wenyeji ambao baba zao waliwinda kote bila kuulizwa, na ambao nyama ya kulungu ni kitoweo cha majira yote ya baridi. Mwaka 2005 jimbo liliongeza wiki moja ya kuwinda Nantucket mwezi Februari. Malalamiko yakawa mengi, na wiki hiyo haikurudiwa mwaka uliofuata. Mwanzoni mwa 2025 msimu wa baridi uliongezwa tena katika visiwa vyote viwili. Wataalamu wa jimbo hulenga kulungu 5 hadi 7 kwa kilomita ya mraba, nao hukadiria kwamba visiwani wamezidi 19. Kwa hali hiyo, kurefusha msimu pasipo kufungua viwanja kwampa mwindaji siku nyingi zaidi za kutembea mahali ambapo kulungu hawapo.

Maswali

1. Chora ramani ya kisiwa cha mraba chenye upande wa kilomita 2. Weka nyumba 20, kwanza katika kijiji kimoja, kisha zikiwa zimetawanyika. Kadiria eneo lililofungwa kwa mwindaji katika kila hali.

2. Katika mfano wa kulungu 100, ni majike wangapi yapasa kuwindwa kila mwaka ili idadi isiongezeke?

3. Ikiwa panya ndiye mwenye bakteria wa Lyme, kwa nini watafiti hawakuanza kwa kuwaua panya?