Maneno ya Kukadiria

Mtu akiulizwa habari ya idadi, au ya mwendo, au ya wakati, aweza kujibu kwa njia mbili. Ikiwa amehesabu au amepima, hutaja hesabu yenyewe: ng'ombe 43, pishi 6, saa nne na dakika kumi. Ikiwa hakuhesabu, hukadiria, naye hutia neno la kumjulisha msikilizaji kwamba hayo ni makadirio tu. Maneno ya namna hiyo ni madogo, lakini kazi yake ni kubwa. Ayatumiaye vibaya huwapoteza wenziwe, hata kama hakukusudia uwongo.

Maneno haya yaweza kugawanywa katika jamaa tatu.

Jamaa ya kwanza ni kama, yapata, kadiri ya, takriban, na hivi. Haya huelekea pande zote mbili. Mtu akisema, "Leo mnadani Igunga palikuwa na ng'ombe kama 200," yamkini walikuwa 190, yamkini walikuwa 210. Neno hivi lina desturi yake: hufuata idadi, wala haliitangulii. Husemwa, "watu kumi hivi."

Jamaa ya pili ni ya upungufu. Saa tatu kasorobo ni wakati ambao saa tatu haijatimia, bado robo. Gunia lililo karibu kujaa halijajaa. Katika jamaa hii limo na neno nusura, ambalo aghalabu hutumika kwa jambo la hatari. "Ndama nusura azame" maana yake hakuzama, bali alibakiwa na kidogo tu.

Jamaa ya tatu ni ya ziada: na ushei, zaidi ya, si chini ya, haipungui. Mwenye shilingi elfu mbili na ushei anazo elfu mbili kamili, tena na kitu juu yake.

Mtu aweza kudhani kwamba tofauti hizi ni za darasani tu. Sivyo. Mashariki ya Igunga iko mbuga ya Wembere. Wakati wa kiangazi ardhi yake hukauka na kupasuka. Wakati wa masika maji hutanda, na udongo mweusi hushika miguu. Mtu aliyekwisha kuvuka akiulizwa kina cha maji, naye akajibu, "Yapata kiunoni," mwenziwe aliye mfupi, mwenye mtoto mgongoni, hana budi kungoja, kwa kuwa maji hayo yaweza kupita kiuno. Akijibu, "Hayafiki magotini," mwenziwe aweza kwenda. Tena mjibu mwangalifu hukumbuka ni kiuno cha nani. Kiuno cha mtu mzima ni kifua cha mtoto.

Zamani za misafara neno la makadirio liliweza kuwa uzima au mauti. Njia kuu itokayo Bagamoyo kwenda Tabora ilipita kusini ya nchi ya Igunga. Kabla ya kufika Unyanyembe, wasafiri walivuka pori lililoitwa Mgunda Mkali, baina ya Ugogo na Unyamwezi, ambamo maji yalikuwa haba. Mahali pakavu kama hapo walitumia mwendo ulioitwa telekeza: walipika na kunywa mchana, wakajaza vibuyu, wakaondoka alasiri, wakalala njiani pasipo maji, na asubuhi wakashika tena njia hata wafike kisimani. Mpagazi mwenye nguvu aliweza kuchukua frasila mbili, yaani kadiri ya ratli 70. Sasa na ifikiriwe hali ya mtu kama huyo akiambiwa na kiongozi wa njia, "Maji yako karibu." Atakunywa yaliyomo kibuyuni, akitumaini kujaza tena upesi. Kumbe kwa kiongozi aliyezoea safari, karibu ni mwendo wa nusu siku! Lakini akiambiwa, "Mwendo wa kufika majini haupungui saa sita," atakinga kibuyu chake. Kauli zote mbili ni makadirio. Moja yamwokoa mtu, na nyingine yamwangamiza.

Mfano mzuri wa kutumia maneno haya ulitolewa na Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri pamoja na John Speke. Walifika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Burton aliandika kwamba hiyo ilikuwa siku ya 134 tangu walipoondoka pwani, na kwamba walikuwa wametembea si chini ya maili 600. Siku hakuzitilia neno la kukadiria, kwa kuwa siku zilihesabiwa moja moja. Maili alizitilia, kwa kuwa njia ilipinda huku na huku, wala hapakuwa na kamba ya kuipimia. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu mwangalifu: alichokihesabu hukisema wazi, na alichokikisia hukitia alama.

Hata siku zenyewe zaweza kupotea. Kitabu cha Henry Stanley chasema kwamba alionana na David Livingstone huko Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Daftari ya Livingstone yaelekeza siku za mwisho za Oktoba. Watu hao walikuwa wamesafiri muda mrefu pamoja na homa, na hesabu ya siku iliwaponyoka. Kwa hiyo kauli iliyo salama ni kwamba walionana yapata mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba 1871.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, ilileta desturi nyingine. Mtu wa msafara aliweza kuambiwa, "Tutaondoka jua likichomoza hivi." Gari la moshi halikumngoja mwenye hivi. Lakini jua nalo lina hesabu yake. Saa za Afrika Mashariki zimefuatishwa na mstari wa digrii 45 mashariki, na Igunga iko kama digrii 11 magharibi ya mstari huo. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Basi 11 mara 4 ni 44, na kwa sababu hiyo jua huwa utosini Igunga yapata saa saba kasorobo, wala si saa sita kamili. Mtu asemaye, "Jua li utosini, basi ni saa sita," amekosea kwa robo tatu ya saa.

Mwanafunzi wa Kiingereza hukutana na jamaa hizi hizi tatu. About ni ya kwanza, nayo huelekea pande mbili. Nearly na almost ni za pili, maana hazifiki. Over na at least ni za tatu. Kosa la wengi hutokana na neno karibu, ambalo Waswahili hulitumia pengine kwa jamaa ya kwanza, pengine kwa ya pili. Mwanafunzi huandika nearly 50 kwa watu 52, na hilo si sawa, kwa kuwa 52 imekwisha kupita 50. Imempasa kuandika about 50, au over 50.

Tena si vema kusema, "Walikuja kama watu 43." Hesabu kama hiyo ni ya mtu aliyehesabu, akadiriaye husema 40 au 50. Injili zafuata kanuni hiyo. Waume waliolishwa mikate mitano wametajwa kuwa kama elfu tano, kwa kuwa walikuwa mkutano mkubwa. Lakini samaki waliovutwa pwani wavuni wametajwa kuwa 153, wala hapana neno la kukadiria.

Basi kukadiria si uwongo, wala si aibu. Uwongo ni kukisia na kusema kana kwamba umepima. Tena ni uvivu kusema yapata mahali ambapo kuhesabu kungewezekana.

MASWALI
1. Taja jamaa tatu za maneno ya kukadiria, na maneno mawili ya kila jamaa.
2. Kwa nini Burton alitia neno la kukadiria kwa maili, asitie kwa siku?
3. Mtu asema, "Mto umejaa karibu na kifua." Umwulize nini kabla ya kuvuka?
4. Kadiria hatua zilizopo kutoka mlango wa darasa lako mpaka barabarani, kisha uzihesabu. Andika kauli mbili: moja ya makadirio, na moja ya hesabu.