Nati ya Katikati Usiiguse: Kijitabu kwa Wanaobadilisha Shokapu na Raba ya Sivi Jointi Nyumbani, Kwa Sadala na Vijiji vya Jirani

Kijitabu hiki hutolewa bure. Kisome chote kabla hujashika spana.

KWA NINI TUMEKIANDIKA

Kila Desemba magari hupanda mlimani. Watu wa Dar es Salaam huja kula Krismasi nyumbani, safari ya zaidi ya kilomita 500, gari limejaa watoto na magunia ya mchele. Likifika Kwa Sadala huiacha lami ya Arusha–Moshi na kupandisha kuelekea Masama, au huteremka upande wa Rundugai kwenye vumbi na mawe. Shokapu iliyoanza kuvuja tangu Segera sasa inagonga kila shimo. Raba ya sivi jointi iliyochanika inatapika grisi ndani ya rimu. Gari linaegeshwa kihambani pembeni ya migomba, mafundi wengi wamefunga gereji kwa sikukuu, na kijana mmoja wa ukoo anasema: "Baba mdogo, hii kazi naiweza, nimeiona kwenye simu."

Kijana huyo hatumkatazi. Shokapu na raba ni kazi ambazo mtu makini mwenye vifaa anaweza kuzifanya nyumbani, na tunajua bei ya gereji inavyouma mwezi wa ada za shule. Lakini malalamiko yanayotufikia ni ya namna mbili: gari lililotengenezwa nyumbani likakwama njiani, na mtu aliyeumia akilitengeneza. La kwanza lina dawa. La pili mara nyingine halina, na karibu kila tunapouliza, chanzo ni kile kile, nati moja iliyofunguliwa kabla ya wakati wake.

NATI YENYEWE

Fungua boneti. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota, kama Vitz, IST na Corolla, utaona kichwa cha shokapu kila upande, nyuma kidogo ya taa, kuelekea kioo cha mbele. Kina nati tatu zilizokaa duara, na katikati yake nati moja ya peke yake, mara nyingi imefunikwa kofia ya plastiki. Zile tatu zinaishikilia shokapu kwenye bodi ya gari. Ile ya katikati inaishikilia springi isiruke.

Wengi huamini kwamba gari likishanyanyuliwa kwa jeki na tairi kuning'inia, springi imepumzika. Si kweli, na hapa tunaomba usome taratibu. Gari dogo la kilo 1,000 hivi limelemea mbele kwa sababu injini iko huko, kwa hiyo kila springi ya mbele hubeba karibu kilo 300. Ukilinyanyua, springi hurefuka, lakini haifiki urefu wake wa asili kwa sababu fimbo ya shokapu haiiruhusu. Inabaki imebanwa kati ya sahani mbili za chuma hata ukiitoa shokapu nzima na kuilaza sakafuni, hata ikikaa stoo miaka mitatu. Kitu pekee kinachoizuia ni nati ya katikati. Ukiifungua, sahani, mauntingi na springi hutoka kwa pamoja kuifuata fimbo, na njia hiyo huishia usoni mwa aliyeinama kuangalia nati inavyofunguka.

Mfumo huu wa kuunganisha springi na shokapu kuwa mguu mmoja ulibuniwa na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na Ford ya Uingereza iliutumia kwenye gari lake la Consul lililotoka mwaka 1950. Unachukua nafasi ndogo na gharama yake ni nafuu, ndiyo maana viwanda vya Japani viliukumbatia. Onyo hili basi linagusa karibu kila gari dogo linaloegeshwa sokoni Kwa Sadala. Asiseme mtu kwamba gari lake ni la zamani au ni jepesi.

Tunarudia: nati ya katikati haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake. Kamba ya katani si kifaa chake. Waya wa kufungia nondo si kifaa chake. Mnyororo wa pikipiki, mkanda wa kufungia mizigo, na rafiki mwenye nguvu aliyeikalia springi si kifaa chake. Yote hayo tumeyasikia.

NJIA TUNAYOIPENDEKEZA

Ushauri wetu ni rahisi, na tunajivunia kwamba waliousikiliza wameokoa pesa bila kuhatarisha macho yao. Kaa nyumbani, fungua zile nati tatu za juu na bolti za chini, itoe shokapu ikiwa nzima na springi yake, kisha ibebe hadi gereji yenye mashine ya kubania springi iliyofungwa ukutani au kwenye meza. Bomang'ombe ni karibu, na Moshi mjini si mbali. Fundi atahamisha springi kwenda shokapu mpya, atakaza nati ya katikati, nawe utarudi kuifunga mwenyewe. Sehemu kubwa ya ufundi unailipia kwa jasho lako, na ile dakika moja ya hatari unamwachia mwenye mashine.

Kama lazima ubane springi nyumbani, tumia vibanio viwili vya kulabu vinavyotazamana, kila kimoja kikishika mikunjo mingi ya springi kadiri kinavyofika. Viazime kwa mtu unayemwamini, kisha uvikague: kulabu iliyopinda au meno ya skrubu yaliyolika ni sababu ya kuvirudisha siku hiyo hiyo. Paka mafuta kwenye skrubu. Zungusha kwa spana ya mkono, kidogo huku, kidogo kule, ili springi isilale upande. Mashine ya hewa usiitumie kabisa. Springi yenye kutu ya kumeguka au ufa haibanwi, inatupwa. Wakati wote kichwa cha shokapu kielekee ukutani au kwenye shamba tupu, kisielekee mtu, na watoto wawe nyumba nyingine. Springi ikishalegea kiasi cha kuzunguka kwa mkono, hapo ndipo nati ya katikati inaguswa, na si kabla. Wakati wa kurudisha, nati inakazwa kwanza ndipo vibanio vinalegezwa.

GARI LISIKULALIE

Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi. Si ya kulala chini yake. Tafuta stendi mbili za chuma. Ukizikosa, rundika vipande vya mbao ngumu kwa kukingamana. Bloku za kujengea usizitumie: hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Huku kwetu kwenye mteremko sehemu tambarare ni ya kutafuta, basi itafute. Weka kabari nyuma na mbele ya matairi yanayobaki chini, vuta breki ya mkono, lisukume gari kwa nguvu likiwa juu ya stendi uone kama linacheza. Kama linacheza, lishushe uanze upya.

KUITOA SHOKAPU

Legeza nati za tairi, na nati kubwa ya ekseli kama unabadilisha raba pia, wakati tairi bado liko chini na mtu amekanyaga breki. Likiwa juu gurudumu huzunguka nawe utaishia kulitikisa gari kwenye stendi. Ondoa kishikio cha paipu ya breki kwenye shokapu, na waya wa ABS kama upo, bila kuvivuta. Fungua kiungo cha fimbo ya stabilaiza. Weka alama kwa chokaa au rangi pale bolti mbili kubwa za chini zilipokaa, ndipo uzitoe. Mwisho kabisa ni zile nati tatu za juu, na mwenzako awe ameishika shokapu kwa chini isianguke. Tatu, si nne. Ile ya katikati iache ilivyo.

Shokapu hubadilishwa zote mbili za mbele au zote mbili za nyuma. Anayebadilisha ya kushoto peke yake atakuwa na gari linalovuta kwenye kona za kuteremka kutoka Masama, na breki zake zitakuwa za upande mmoja. Tunajua ni gharama. Subiri upate ya pili.

RABA ILIYOCHANIKA

Wengi huidharau raba kwa sababu gari linaendelea kutembea. Ndani ya raba hiyo mna kiungo chenye golori sita, kilichobuniwa na Alfred Rzeppa miaka ya 1920, kinachowezesha gurudumu la mbele kukata kona huku likisukumwa na injini. Golori hizo huishi kwa grisi. Raba ikichanika, mzunguko wa gurudumu huitupa grisi nje, na nafasi yake huchukuliwa na vumbi la Rundugai wakati wa kiangazi na tope la mlimani wakati wa masika. Mchanganyiko wa grisi na mchanga husaga chuma. Ndiyo sababu tunasema raba ikaguliwe kila unapoosha gari: kata usukani hadi mwisho, chungulia nyuma ya tairi, tafuta grisi nyeusi iliyotapakaa ndani ya rimu.

Kama imechanika lakini kiungo hakijaanza kulia, una bahati, raba na grisi mpya zinatosha. Kama gari linatoa mlio wa ka-ka-ka ukikata kona kali, golori zimeshakula njia zake. Kuvalisha kiungo hicho raba mpya ni kupoteza pesa. Nunua kiungo kizima.

Kazi hizi mbili zinakwenda vizuri pamoja, kwani bolti za chini za shokapu zikishatoka, chuma kinachobeba gurudumu huinama kuja nje na ekseli hutoka kwenye kitovu. Nyumba ya breki ifungue na kuining'iniza kwa waya kwenye springi au bodi. Isining'inie kwenye paipu yake, kwa maana paipu iliyojeruhiwa leo hupasuka siku nyingine, ukiwa mteremkoni. Usiivute ekseli kutoka kwenye giaboksi: oili itamwagika, na kwenye magari mengi kiungo cha ndani kinaweza kuachana ndani ya raba yake.

Kata raba ya zamani, futa grisi yote, gonga kiungo kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha mbao kitoke kwenye fimbo yake. Kisafishe kwa mafuta ya taa na kitambaa. Petroli usiitumie, mvuke wake hutambaa hadi kwenye jiko la mkaa la mama aliye uani. Kikauke kabisa. Kiangalie kwenye mwanga: njia za golori ziwe laini, zisizo na mashimo. Vesha raba mpya kwenye fimbo kwanza (hatua hii husahaulika, na anayeisahau hurudia kazi yote), jaza grisi nyeusi ya molibdeni inayouzwa pamoja na raba, rudisha kiungo kwa ringi mpya ya kukizuia, kisha kaza mikanda ya chuma miwili.

Mpira wa tyubu uliofungwa juu ya ufa hauzuii kitu. Vivyo hivyo gundi, na vivyo hivyo waya badala ya mkanda, kwa sababu waya huikata raba mpya kabla hujazoea kuiona.

Nati kubwa ya ekseli hukazwa kwa nguvu kubwa, kwenye Toyota nyingi ndogo zaidi ya niutoni mita 200, na nati za tairi 103. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha gari lako. Azima spana ya kipimo. Kukaza kwa kurukia bomba si kipimo.

KINAWAHUSU NANI

Wenye magari binafsi, wenye umri wa mtu mzima. Noah na magari mengine ya abiria yenye leseni ya LATRA, mabasi ya shule na magari ya kukodisha yaende gereji. Gari lililo chini ya dhamana au mkopo, muulize mwenye dhamana kwanza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu barabarani, awe amelitengeneza nani.

Spea za mtumba kutoka Japani zikiwa shokapu kamili na springi yake zinafaa ikiwa fimbo ni kavu na haina kutu, na zinakuepusha kabisa na nati ya katikati. Dai risiti. Boksi jipya lenye jina maarufu lililoandikwa kwa makosa ya herufi liache dukani.

BAADA YA KAZI

Endesha taratibu, jaribu breki mahali patupu, kisha peleka gari likapimwe alaimenti, maana bolti za chini zikifunguliwa pembe ya tairi hubadilika. Kaza tena nati za tairi baada ya siku moja ya safari. Shokapu kuukuu usiitupe motoni wala kumpa mtoto aiuze chuma chakavu bila kusema ni nini: nyingi zina gesi iliyoshindiliwa, na moto huilipua. Springi iliyobaki na nati yake ya katikati ni hatari ile ile tuliyoieleza mwanzo, iwe kwenye gari au jalalani.

Mtu akiumia, kilichomchoma kisichomolewe. Piga 112. Mpelekeni Hospitali ya Wilaya ya Hai, Bomang'ombe. Jicho likiguswa, hata kwa kidogo, lifunikwe bila kukandamizwa na apelekwe KCMC Moshi siku hiyo hiyo, hata kama ni Krismasi.