SOMO LA JAMAA: Kusaidia Wengine Tukiwa Nyumbani Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

Masomo: Matendo 28:16, 30-31, Wafilipi 2:25-30, Wafilipi 4:14-18, 2 Wakorintho 8:1-5



Tarehe 31/03/2020 Burundi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wa Korona. Mpaka wa Gatumba ulikuwa umekwisha kufungwa, na wengi wetu tukatenganishwa na jamaa zetu wa Uvira. Mwezi wa Julai 2024 ikatangazwa mpox, na kabla ya mwaka ule kwisha wagonjwa waliothibitishwa nchini walipita 2,000. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya Korona mwezi wa Mei 2023, na ile ya mpox mwezi wa Septemba 2025. Tunamshukuru Mungu. Lakini paa hutengenezwa mvua ikikatika. Kwa hiyo tujifunze sasa, kabla ugonjwa mwingine haujabisha hodi hapa Kanyosha.

USHUHUDA WANGU

Katikati ya mwaka 2020 nilishikwa na homa na kikohozi. Mnajua desturi yetu: mtu akiugua, kanisa linakuja. Siku ya tatu walifika watu kumi na wawili katika chumba chetu chenye dirisha moja. Wakaimba, wakaniwekea mikono, wakaketi mpaka jioni. Nilifurahi sana. Baada ya siku chache watatu kati yao walikuwa wanakohoa, na mzee mmoja alilala kitandani majuma matatu. Mungu alimhurumia, akapona.

Sikupimwa, kwa hiyo siwezi kusema ni ugonjwa gani, wala kwamba mzee aliupata kwangu. Lakini nilijua kwamba ninaumwa, na sikuwa na ujasiri wa kusema, "Wapendwa, bakieni nje, tuombe tukiwa mbalimbali." Niliogopa watu watasema mchungaji amepungukiwa na imani. Niliogopa pia mwenye nyumba asije akatufukuza. Hivyo nilinyamaza. Hiyo haikuwa imani, ilikuwa hofu.

MAFUNDISHO YA NENO

1. Paulo alitumika akiwa amefungiwa nyumbani. Kule Rumi alikaa miaka miwili katika nyumba ya kupanga, akilindwa na askari. Hakuweza kwenda sokoni wala kutembelea makanisa. Lakini hakusema kwamba utumishi wake umesimama. Alifundisha waliomfikia, aliombea walio mbali, aliandika barua. Waalimu wengi wa Biblia huamini kwamba barua kwa Wafilipi iliandikwa wakati huo. Mtu aliyezuiliwa mlangoni aliwatia moyo watu waliokuwa huru.

2. Wafilipi walisaidia wakiwa mbali, nao walikuwa maskini. Filipi ni mji wa Makedonia, na Paulo anasema kwamba makanisa ya Makedonia yalitoa wakiwa katika umaskini mkubwa. Hapa sisi wakimbizi tusikilize vizuri. Tumezoea kuandikwa kwenye orodha ya wanaosaidiwa, mpaka wengine tunafikiri kwamba hatuna la kutoa. Makanisa yale hayakungoja kutajirika kwanza.

3. Epafrodito hakuficha ugonjwa wake. Alileta zawadi kwa Paulo, akaugua karibu na kufa. Habari ilifika Filipi, naye akahuzunika kwa sababu walisikia. Paulo hakumwaibisha. Aliagiza apokewe kwa furaha na kuheshimiwa. Basi mgonjwa katika kanisa la Kristo asihesabiwe kuwa amelaaniwa, wala mpox isiwe neno la kumtukana mtu.

4. Imani na uangalifu vinakwenda pamoja. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, mji wa Martin Luther kule Ujerumani. Watu wengi walikimbia, yeye akabaki kuhudumia wagonjwa. Lakini katika barua aliyoandika juu ya jambo hilo alifundisha pia kutumia dawa, kusafisha nyumba, na kutokwenda mahali ambapo huhitajiwi, usije ukawaua wengine kwa uzembe wako. Anayehitajiwa kwa mgonjwa abaki. Asiyehitajiwa asaidie akiwa nyumbani kwake.

MAMBO TUNAYOWEZA KUFANYA

a) Tuchague mhudumu mmoja. Mgonjwa anahitaji mtu mmoja au wawili wa karibu, hahitaji kumi na wawili. Wengine tuwasaidie hao wahudumu, maana nao huchoka.

b) Tuweke vitu mlangoni. Bidoni ya maji, kipande cha sabuni, unga, ndagala kidogo, makaa. Unaweka, unabisha, unarudi nyuma hatua chache, unasalimia kwa sauti. Wakati wa ugonjwa wangu mama mjane wa parseli ya jirani alituletea uji kwa namna hiyo siku tano. Hakuingia hata mara moja, lakini sisi tulijua kwamba tumetembelewa.

c) Tutumie simu. Tugawane watu: kila jamaa ipigie jamaa mbili, na kwanza wazee wanaoishi peke yao. Asiye na inite atumiwe kidogo. Maombi ya dakika tano kwa simu ni ibada kamili. Wenye jamaa Uvira, Bukavu au kambini wawaulizie hali, wasingoje habari ya msiba.

d) Tutumie likelemba kwa hekima. Wamama wakikubaliana, zamu inaweza kupewa nyumba iliyofungiwa na ugonjwa, na fedha zipitishwe kwa Lumicash. Mtu anayeuza nyanya barabarani akikaa ndani siku kumi, watoto wake hawali. Tukimwambia "kaa nyumbani" na hatumpelekei chakula, tumempa maneno matupu.

e) Tuchunge ulimi. Habari za uongo husambaa kwa simu kuliko ugonjwa wenyewe. Kabla ya kutuma ujumbe juu ya dawa fulani, uliza kwenye kituo cha afya. Usitangaze jina la mgonjwa bila ruhusa yake.

f) Tuseme ukweli mapema. Ukiwa na homa na kikohozi, usije kwenye ibada. Ukiona vipele na homa, usiwape watu mkono, usigawane shuka, nguo wala taulo, nenda kituo cha afya. Wa mpox hukaa peke yake mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itokee. Mgonjwa akishindwa kupumua vizuri, akichanganyikiwa au akishindwa kunywa, msimfiche nyumbani hata saa moja. Kumpeleka hospitali si kukosa imani.

NENO KWA VIONGOZI

Mashemasi, mgonjwa akiogopa mwenye nyumba, msimwache aongee peke yake. Wazee wawili wazungumze na mwenye nyumba kwa heshima na kumweleza jinsi kanisa linavyoihudumia parseli ile. Na tusimhukumu ndugu ambaye analazimika kutoka kutafuta chakula. Sisi wa mjini hatungojei mgao, tunakula tulichokipata leo.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika parseli yetu, ni nani atakayekosa maji au chakula akifungiwa ndani siku kumi?
2. Je, mimi huficha ugonjwa? Ninaogopa nini?
3. Jamaa yetu inaweza kutoa kitu gani, hata kikiwa kidogo?
4. Ni watu gani wawili tutakaowapigia simu? Andikeni majina yao leo.

MAOMBI

Bwana, tulipokimbia ulikwenda pamoja nasi, na tukifungiwa ndani uko pamoja nasi. Tupe ujasiri wa kusema "ninaumwa", na upendo wa kubisha mlango wa jirani na kurudi nyuma. Uwaponye wagonjwa wetu hapa na kule tulikotoka. Amina.