Jina la Hind kwa Waume na kwa Wake

Fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kuwa katika majina ya Waarabu yako machache ambayo huitwa kwayo mwanamume, na huitwa kwayo mwanamke, pasipo kuongezwa herufi wala kupunguzwa. Lililo mashuhuri katika hayo ni Hind. Watu wa pwani hulitamka Hindu, na kwao ni jina la kike. Kwa hiyo mwanafunzi akilikuta kitabuni hudhani ni la mwanamke, wala halitazami neno linalolifuata. Hapo ndipo huingia kosa, na kosa hilo si la ulimi tu, maana laweza kuitoa mali mkononi mwa mwenyewe.

Ama maana yake, ni jina la nchi ya Bara Hindi. Na tena katika lugha ya Waarabu wa kale, hind na hunaida ni kundi la ngamia mia. Mali ya Waarabu ilikuwa ngamia, basi si ajabu mtu kumpa mwanawe jina hilo, awe wa kiume au wa kike.

Wanawake walioitwa Hind ni wengi. Mama wa Waumini Ummu Salama (r.a.) jina lake khasa ni Hind binti Abi Umayya, na wengi waijuao kuniya yake hawalijui jina lake. Hind binti Amri bin Haram, mwanamke wa Ansari, katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), aliwapakia juu ya ngamia wake mumewe na ndugu yake na mwanawe, wote watatu wamekufa shahidi. Na Hind binti Utba, mkewe Abu Sufyan na mamake Muawiya, alisilimu Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 (630). Huyu ndiye aliyemshitakia Mtume (s.a.w.) ya kuwa mumewe ni bakhili, akaruhusiwa kutwaa katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa ada njema. Kwa hadithi hiyo wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamejenga mas-ala mengi: nafaka ya mke, na mtu kujitwalia haki yake aliyozuiliwa, na kuwa si kusengenya mtu kumtaja aliyemdhulumu mbele ya mufti.

Ama wanaume, wa mbele yao ni Hind bin Abi Hala (r.a.), aliyelelewa nyumbani mwa Mtume (s.a.w.). Bibi Khadija (r.a.) kabla ya kuolewa na Mtume aliolewa na Abu Hala na Atiq. Kwa Abu Hala alizaa mwana wa kiume akaitwa Hind. Na kwa Atiq, wasemavyo wanavyuoni wa nasaba, alizaa binti naye akaitwa Hind. Mama mmoja, watoto wawili, jina moja, na kati yao hapana kinachowapambanua ila neno bin na neno binti. Tena wako waliosema kuwa Abu Hala mwenyewe jina lake ni Hind.

Hind huyu mwanamume alikuwa hodari wa kusifu umbo la Mtume na mwendo wake. Al-Hasan bin Ali (r.a.) alimwendea kumuuliza habari hizo, kwa kuwa ni mjomba wake, ndugu wa Bibi Fatima kwa mama, na habari hiyo Imamu Tirmidhi ameitia katika Shamail. Imepokewa kuwa aliuawa katika vita vya Ngamia mwaka wa 36 (656), naye upande wa Ali. Basi asomaye "binti Abi Hala" mahali pa "bin" amemgeuza mjomba kuwa mama mdogo, na isnadi amekwisha iharibu.

Na katika kabila la Aslam walikuwako ndugu wawili wanaume, masahaba, Hind bin Haritha na Asmaa bin Haritha. Majina yote mawili mtu wa leo angeyaita ya kike. Baada yao alikuwako Basra mpokezi wa hadithi aitwaye Juwairiya bin Asmaa, aliyekufa mwaka wa 173 (789), naye ni mwanamume mwana wa mwanamume.

Yafaa mwanafunzi atahadhari na jambo jingine. Neno "bin Hind" halilazimu kuwa Hind ni baba. Amri bin Hind, mfalme wa Hira katika karne ya 6 ya Masihi, babake ni al-Mundhir; Hind ni mamake. Na katika nahau, Hind akiwa mwanamke yajuzu kutiwa tanwini na yajuzu kuachwa. Akiwa mwanamume hutiwa. Lakini alama hizo hazionekani katika khati isiyo na irabu.

Kumwita mtoto wa kiume Hind leo si haramu, maana masahaba waliitwa hivyo. Walakini ada imekwisha lifanya jina hili la wanawake, na baba mwenye akili hamtwishi mwanawe maelezo ya umri mzima.

Sasa tazama mirathi. Mtu amekufa, ameacha mke, na mtoto mmoja aitwaye Hind aliyeko safari ya mbali, na ndugu khalisa mwanamume. Mali ni shilingi 800. Mke ana thumni, 100. Hind akiwa mwanamume, hutwaa 700 zilizobaki na ndugu hana kitu. Akiwa mwanamke, ana nusu, 400, na ndugu hutwaa 300 kwa uasaba. Shilingi 300 zimesimama juu ya herufi moja, nayo ni ile te ya binti. Na siku hizi watu wameacha kuandika bin na binti, huandika Hind Saidi basi. Hati kama hiyo ikifika kwa kadhi, wala hapana shahidi amjuaye Hind, hufuatwa yakini kama katika mlango wa khuntha mushkil: mke hupewa 100 zake, Hind huwekewa 400 zisizo na shaka, ndugu hapewi kitu, na zile 300 huzuiliwa mpaka ibainike kama Hind ni mwana au binti.