Kibarua wa Ghala la Mahindi, Usikubali Kuandikiwa "Kifua" Tu

Msomaji wa Sumbawanga ameniandikia. Misimu mitatu amebeba magunia ya mahindi kwenye ghala la mfanyabiashara, na siku za kufukiza wadudu hutumwa kupanga vidonge kati ya magunia kabla turubai halijashushwa. Sasa anakohoa, kichwa kinamuuma, na usiku hapati usingizi akiwaza ujira anaodai. Bosi kamwambia asirudi. Anauliza kama ana haki yoyote, "maana mimi ni kibarua tu, sina mkataba."

Unayo, mdogo wangu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema ukimfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Saa 45! Msimu wa kupakia malori zinaisha ndani ya wiki. Karani atakayekuambia "lete mkataba kwanza" ama hajui kazi yake, ama anaijua vizuri mno.

Mtego wenyewe uko hospitali. Vidonge vile vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, yenye harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Haina dawa ya kuizimua, na kitambaa ulichojifunga puani hakiizuii. Pakiti ya maziwa unayopewa jioni haioshi chochote. Ni njia ya bosi ya kukwepa kununua barakoa yenye kichujio. Lakini ukifika kwa daktari unasema "kifua kinabana", naye anaandika nimonia. Kazi yako haikuulizwa, nawe hukuitaja. Baada ya hapo hakuna karatasi inayounganisha kikohozi na ghala. Wengine hata hospitali hawafiki, kwa sababu mtu akianguka kazini mjini kwetu hakosi wa kunong'ona kwamba kalogwa, na hakuna anayeufurahia uvumi huo kama mwenye ghala.

Kwa hiyo mtajie daktari kazi yako, jina la dawa lililo kwenye kopo na siku ulizoishika, wala usiondoke mpaka ameandika. Kopo lipige picha, au mwenzako aliye bado kazini akupigie. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hupokea madai ndani ya miezi 12 tangu ugonjwa kugundulika, na hauhitaji uthibitishe kwamba bosi alizembea. Michango ya mfuko huo hutolewa na mwajiri peke yake. Akiikata kwenye ujira wako, amekuibia. Na akikuletea karatasi ya "nimelipwa, sina madai" pamoja na noti mbili tatu, usiweke dole gumba.

Kufukuzwa ni shauri jingine, la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Hapo utaambiwa hujatimiza miezi 6, kwa hiyo hulindwi. Lakini kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinahesabu muda kwa mwajiri yuleyule, uwe mkataba mmoja au zaidi. Jumlisha misimu yako yote. Ila waliotunga sharti hilo la miezi 6 ni kama hawakuwahi kuona soko la mahindi la Ufipa, ambako mtu hufanywa mgeni kila mavuno.

Kinachonikera zaidi ni huo usingizi uliopotea. Jedwali la sheria ya fidia linajua kidole kilichokatika kina asilimia ngapi. Msongo wa mawazo unaoletwa na miezi ya kudai ujira hauna kidole cha kuonyesha, ingawa Shirika la Kazi Duniani liliingiza maradhi ya akili kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazi tangu 2010. Hili nalo linanikera: mkaguzi wa usalama anayeishia kwa bosi, akanywa soda na kuondoka bila ghala kufunguliwa, hawezi kusema hakuona kosa. Hakutazama.

Rudi hospitali wiki hii, ukitoka pita Ofisi ya Kazi ya mkoa, kisha CMA. Usichelewe: siku 30 za kufungua shauri CMA zilianza kuhesabiwa siku ile uliyoambiwa usirudi.